Mkumkwati wangu unamwaga vitunda vyote, jirani anasema niunyime maji. Kuna ukweli hapa?

#1 KijikoChaMboji
Wakuu salaam. Nina mkumkwati (ule mti wa jamii ya michungwa wenye vitunda vidogo) kwenye ndoo nyuma ya nyumba, ni mwaka wa nne sasa toka niununue ukiwa unanifika magotini, leo unanifika kifuani. Kila msimu unachanua vizuri tu, maua meupe mpaka nyuki wanagombana, halafu vitunda vikishafika ukubwa wa punje ya pilipili manga vinaanza kudondoka, asubuhi nakuta chini kumetapakaa kama mtu kamwaga choroko. Mwaka jana nimevuna kumkwati tatu. Tatu wakuu, na moja mtoto aliimenya, akaonja, akaitema.

Sasa jirani yangu ni mtu mzima na bustani yake huwezi kuidharau, anasema huu mti umedekezwa, niunyime maji mwezi mzima mpaka majani yajikunje ndio utashtuka na kuzaa. Mke wangu anasema kinyume chake, mti una kiu. Mimi nipo katikati nimeshika kopo la maji. Halafu majani mapya yana unjano fulani hivi. Msaada.

#2 MzeeWaMagugu
Msikilize mzee wa watu. Jamii yote ya michungwa na milimau ukiipiga kiu kidogo halafu ukairudishia maji inachanua kwa fujo. Hiyo sio imani, wakulima wenye mashamba makubwa ya malimau wanafanya makusudi kabisa.

#3 Sikio_la_Panya
Mkuu #2 rudi juu usome tena. Maua anayo, tena mengi. Kinachomshinda ni kushika. Akikata maji saa hizi mti una vitunda, hata zile tatu za mwaka jana ataziota ndotoni.

#4 MzeeWaMagugu
Hahaha haya nimekurupuka, ila nilichosema ni kweli, tatizo ni majira yake tu.

#5 NdimuKavu
Kabla hamjamtibu mgonjwa muulizeni kama anaumwa. Miti ya jamii hii inatoa maua mengi kupita uwezo wake wa kulea, na asilimia kubwa kabisa inadondoka hata kwenye mti wenye afya. Kuna wimbi la kwanza mara tu baada ya kuchanua, halafu linakuja la pili vitunda vikishanenepa kidogo, mti unapunguza familia. Ukiona chini kumejaa usihesabu vilivyodondoka, hesabu vilivyobaki juu.

Swali: vinavyodondoka vina vikonyo au vimeachia pale kwenye kikombe kinachoshika tunda na kikonyo kimebaki mtini?

#6 KijikoChaMboji
Nimetoka na tochi nimeokota kumi. Vyote vina vikonyo, vimekauka njano. Juu vimebaki vichache mno, tawi zima unakuta viwili, mengine hakuna kitu, kwa hiyo familia inapunguzwa mpaka inaisha mkuu.

#7 NdimuKavu
Vikiwa na kikonyo ni lile wimbi la mwanzo. Bado sijashtuka sana ila kubakiwa na tatu kwa mwaka hapo kuna jambo. Ndoo ya lita ngapi? Unalisha nini?

#8 KijikoChaMboji
Ndoo ya lita 20 nimeitoboa chini matundu manne. Mbolea naweka samadi ya kuku kila mwezi, viganja viwili vitatu hivi. Maji kila siku jioni, ya kisima.

#9 FagioLaChelewa
Samadi ya kuku kila mwezi kwenye ndoo ya lita 20!!! Mkuu huo ni mti au ni ng'ombe wa maziwa

Samadi ya kuku ni kali, ina naitrojeni nyingi na chumvi, kwenye shamba inatawanyika ila kwenye ndoo inajazana pale pale. Naitrojeni ikizidi mti unakimbilia kutoa majani na matawi, vitunda unaona ni mzigo unavitua. Angalia ncha za majani ya zamani, kama zimeungua kahawia basi ni chumvi. Mimi huo ndio ugonjwa niliouona kwangu, nilikuwa na mti mzuri kama wa kwenye kalenda, majani kijani ya kung'aa, matunda sifuri. Niliacha mbolea nusu mwaka, nikawa namwagia maji mengi yanapita mpaka chini mara moja kwa wiki kuosha ile chumvi, msimu uliofuata ukashika. Kwa hiyo jirani kakosea dawa tu, ugonjwa kaupatia, mti KWELI umedekezwa.

#10 Mwanakisima
Naitrojeni ikizidi majani yanakuwa kijani kibichi, mwenzetu kasema majani mapya ni ya njano. Hapo FagioLaChelewa hujagusa.

KijikoChaMboji chuma jani moja jipya ulielekeze kwenye jua. Kama jani ni njano lakini mishipa yake imebaki kijani kama mtu kaichora kwa kalamu, hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Kama unjano umeanza kwenye majani ya chini ya zamani na jani lote limepauka, ni naitrojeni. Majani ya zamani yakiwa njano pembeni halafu pale karibu na kikonyo kumebaki kipembetatu cha kijani, hiyo magnesiamu. Watu wengi wanaona njano wanakimbilia kuongeza mbolea, njano ziko nyingi.

Na hapo kwenye maji ya kisima nimesimama. Kama kisima chako kina chokaa, lile birika la chai likijaa ukoko mweupe ujue ndicho unachomwagia mti kila jioni. Udongo unapanda pH (kipimo cha uchachu, ikipanda uchachu unapungua), hii miti inataka kati ya 5.5 na 6.5 hivi, ikipanda sana chuma kinakuwepo kwenye udongo ila mzizi haukipati, ni kama chakula kilichofungiwa kabatini.

#11 BibiShamba
Mwanakisima umenikumbusha, mimi nilifukia misumari yenye kutu kwenye chungu, niliambiwa inaongeza chuma. Mwaka mzima. Nilipata chungu chenye misumari.

#12 Mwanakisima
Hahahaha bibi pole. Kutu hiyo kwenye udongo wa chokaa haiyeyuki mti ukaipata. Kuna chuma cha keleti, kimetengenezwa maalumu kisikamatwe na udongo, unaweka kwenye maji unamwagia. Na ukitumia maji ya mvua nusu ya kazi imeisha.

#13 KijikoChaMboji
Jani ni njano na mishipa ya kijani. Na birika lina ukoko dah. Ila ncha za majani ya chini nazo zimeungua. Sasa nani kashinda?

#14 FagioLaChelewa
Mimi

#15 Mwanakisima
Mimi

#16 Tawi_la_Kushoto
Samahani naingilia, je una uhakika huo mti bado ni mkumkwati? Msicheke. Mkumkwati mara nyingi haupandwi kwa mbegu, mizizi yake yenyewe ni dhaifu, kwa hiyo miche inabebeshwa juu ya shina la ndugu yake, kwa wengine ni mdanzi, kwa wengine ule mchungwa wa majani matatu wanaouita Poncirus. Sasa lile shina la chini nalo lina akili zake, likipata nafasi linatoa machipukizi chini ya pale palipounganishwa.

Yangu ilikuwa hivi. Kulitokea matawi mawili chini, yananyooka kwa kasi, nikafurahi nikasema mti umekubali, nikayapa mpaka mti wa kuegemea. Miiba ilikuwa mirefu kama sindano ya kushonea magunia, sikujiuliza. Na kila jani limegawanyika vijani vitatu, sikujiuliza. Miaka miwili nalea, kumbe juu mkumkwati wenyewe unakauka taratibu unanyonywa. Tunda la kwanza kutoka likawa na vinyweleo kama pichi, ndani mbegu tupu, uchungu wake sijawahi kuuona. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

KijikoChaMboji kagua chini. Chipukizi lolote lililotoka chini ya kovu la kuunganishia lingali teke livunje kwa mkono.

#17 KijikoChaMboji
Nimekagua. Kovu naliona, chini yake hakuna kitu. Majani ni moja moja, miiba ipo michache midogo. Ila pole sana mkuu, hapo kwenye mti wa kuegemea nimeumia kwa niaba yako.

#18 Sikio_la_Panya
Na uhakika kwamba ni kumkwati na sio kalamansi? Wauza miche wengi wanachanganya. Kalamansi ni chotara wa kumkwati na chenza, duara kabisa, ngozi nyembamba inamenyeka upesi, ndani maji mengi na ukali wa kufumba macho. Kwanza mtoto kaitema.

#19 KijikoChaMboji
Ya kwangu ni ndefu ndefu kama yai la njiwa lililobanwa.

#20 NdimuKavu
Hiyo Nagami. Ya duara iliyo tamu zaidi inaitwa Meiwa. Na mtoto mmemponza wenyewe, kumkwati haimenywi! Utamu wote uko kwenye ganda, nyama ya ndani ndio kali. Unaiosha, unaiviringisha kati ya vidole mpaka unasikia harufu ya mafuta ya ganda, halafu unaitia mdomoni nzima unatafuna vyote pamoja, mbegu unatema. Ukimenya umetupa tunda ukala ukali.

#21 KijikoChaMboji
Miaka minne namenya.

#22 BibiShamba
😂😂😂

#23 Ramani_ya_Zamani
Haya matunda ya Japani yana mambo.

#24 Tawi_la_Kushoto
Asili yake China ya kusini mkuu, na jina lenyewe ni Kikantoni, maana yake chungwa la dhahabu. Japani umeitoa kwenye jina la kisayansi nadhani, Citrus japonica, Thunberg, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jina hilo karne ya 18 kwa sababu aliikuta Japani.

#25 Ramani_ya_Zamani
Mbona mimi nimeona pameandikwa Fortunella?

#26 Tawi_la_Kushoto
Zote sahihi, wanasayansi wamegombana. Robert Fortune, Mskoti aliyekuwa anakusanya mimea China, ndiye aliyeipeleka London 1846. Halafu 1915 Swingle, mtaalamu wa mimea Mmarekani, akaitoa kwenye ukoo wa michungwa akaipa ukoo wake, Fortunella, kwa heshima ya huyo Fortune. Siku hizi wengi wameirudisha kwenye Citrus. Ndio maana lebo za miche zinatofautiana, usidhani ni miti miwili.

#27 FagioLaChelewa
Vitunda vinadondoka huko nyuma ya nyumba nyie mko 1846

#28 Chepeo_Butu
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeuliza mizizi ikoje. Miaka minne, mti wa kifuani, lita 20, hapo hakuna udongo tena wakuu, kuna mizizi imejiviringisha kama tambi. Ukimwaga maji juu yanateremka pembeni kati ya ndoo na lile bonge la mizizi, yanatoka chini haraka, wewe unaona yametoka unasema umeshiba, kumbe katikati ni pakavu kama biskuti. Unamwagilia kila siku na mti una kiu kila siku. Kwa hiyo mke wako kapatia, na jirani naye akisema maji ni mengi kapatia.

Chukua kijiti kikavu cha mbao, kama mshikaki, kichomeke katikati karibu na shina mpaka chini, subiri dakika kumi, kichomoe ukitazame. Halafu kingine pembeni. Na vitunda vichanga ndio vya kwanza kusalitiwa mti ukikosa maji siku mbili tu, hauanzi na majani.

#29 KijikoChaMboji
Wakuu. Kijiti cha katikati kimetoka kikavu na vumbi. Cha pembeni kimelowa mpaka nusu. Mke wangu alikuwa amesimama hapa hapa. Sitaki kuongelea zaidi.

#30 MzeeWaMagugu
Hahahaha mkuu lala mapema leo

#31 NdimuKavu
Tusikimbilie kufunga kesi. Udongo uliokauka sana hata ukiwa hauna mizizi mingi unakataa maji vile vile. Na kabla hajaung'oa akumbuke kuhamisha mti wenye vitunda vichanga kunaweza kuvidondosha vilivyobaki. Mimi ningezamisha ndoo nzima kwenye beseni la maji nusu saa mpaka mapovu yaishe, basi, mengine baada ya msimu.

#32 Chepeo_Butu
Na mimi ningehamisha leo. Vitunda vyenyewe vipo vingapi vya kuonea huruma.

#33 Theluji_Mlangoni
Naomba niulize hapo hapo. Mimi naishi penye baridi kali, watu wananiambia mkumkwati ndio unaovumilia kuliko michungwa mingine, unahimili hadi kama digrii 10 chini ya sifuri. Nikaingiza ndani kwa huruma tu, ukapukutisha majani yote wiki mbili. Ungebaki nje ungekufa?

#34 NdimuKavu
Hiyo digrii 10 ni mti mkubwa uliokomaa ardhini, mizizi ya kwenye chungu inapigwa baridi pande zote haina pa kujificha. Ila kilichoua majani sio huruma, ni hita na giza. Hewa kavu, mwanga kidogo. Mkumkwati unalala sana kipindi cha baridi, hata joto likirudi unakaa wiki kadhaa haujaamka, ndio maana unachelewa kuchanua na barafu za mwisho haziupati. Unataka baridi yake ya kulala na joto kali la kiangazi la kuivishia. Sehemu ya ubaridi wa wastani yenye dirisha ni bora kuliko sebuleni kwenye hita. Na usiukate, kwarua gome kidogo kwa ukucha, kama chini ni kijani subiri.

#35 Theluji_Mlangoni
Ni kijani! Ahsante.

#36 BibiShamba
Na mimi nilipanda wa mbegu mwaka wa sita huu, bado ni majani. Nisubiri au niutoe?

#37 Tawi_la_Kushoto
Bibi wa mbegu subira yake ni ndefu. Chukua kijitawi cha mti unaozaa ubebeshe juu yake, au endelea kumwagilia ua lako.

#38 Kucha_Chafu
KijikoChaMboji kuna sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina?

#39 KijikoChaMboji
Wapo. Foleni kabisa. Nilidhani wanafuata maua.

#40 Kucha_Chafu
Wanafuata mifugo yao. Geuza jani, pitisha kucha kwenye mshipa wa kati, kama kuna vigamba vya kahawia vinabanduka hao ni wadudu wanaonyonya utomvu, wanatoa majimaji matamu, sisimizi wanakunywa na kuwalinda wasiliwe na wadudu wengine. Mahali majimaji yanapodondokea panaota ukungu mweusi kama masizi ya chungu. Mti wenye mifugo hiyo hauna nguvu ya kulea tunda, hata uhamishe ndoo mara kumi. Futa kwa kitambaa na maji ya sabuni kidogo, jioni sio juani, na shina lifunge utepe wenye gundi sisimizi wasipande. Ukiona mistari ya kifedha iliyopinda pinda ndani ya jani jipya huyo ni mchimba jani, anaharibu sura zaidi kuliko mti. Na lile linalofanana na kinyesi cha ndege juu ya jani, likisogea ujue ni kiwavi wa kipepeo, atakumalizia tawi.

Na nitasema kitu kisichopendeza. Kama unjano ungekuwa wa mabaka, upande mmoja wa jani tofauti na mwingine, usingekuwa wa mbolea. Kuna bakteria anayesambazwa na kidudu kidogo kinachonyonya machipukizi, anaua michungwa ya kila aina, mkumkwati nao unaupata, na dawa ya kuuponya mti hakuna. Kwako mishipa iko kijani pande zote sawasawa kwa hiyo pumua. Ila msigawiane vijitawi ovyo, BibiShamba umesikia.

#41 BibiShamba
Nimesikia baba.

#42 MzeeWaMagugu
Mpaka sasa tuna samadi, chokaa, mizizi, kiu, sisimizi na mti wenyewe kupunguza familia. Nimebaki mimi na jirani tu hatujapewa haki yetu.

#43 KijikoChaMboji
MREJESHO, miezi miwili imepita samahani kwa ukimya. Niliuzamisha kwenye beseni kama alivyosema NdimuKavu, mapovu yalitoka kama soda. Wiki iliyofuata sikuvumilia nikauhamishia kwenye pipa lililokatwa nusu, mizizi ilikuwa imechukua umbo la ndoo, imejizungusha chini mizunguko sijui mingapi, nikaichana pembeni kwa kisu. Samadi nimeacha. Maji natumia ya mvua, nikaweka na chuma cha keleti. Vigamba nimefuta jani kwa jani na mke wangu Jumapili nzima, na utepe wa gundi upo.

Viliendelea kudondoka siku kama nane hivi halafu vikaacha. Nimehesabu mara tatu, vipo kumi na nne, vimefika ukubwa wa gololi, kijani ya kukolea. Majani mapya yametoka kijani. Ahsanteni sana.

#44 FagioLaChelewa
Niliwaambia ni samadi.

#45 Chepeo_Butu
Samadi wapi, hujasoma mizizi ilivyojizungusha?

#46 Mwanakisima
Majani mapya kijani jamani, hiyo ni chuma na maji ya mvua, mnataka ushahidi gani

#47 NdimuKavu
Mkuu umebadilisha vitu sita kwa mkupuo, sasa tutajuaje. Na wimbi la kudondoka lingekoma lenyewe wakati huo huo hata ungekaa tu unautazama.

#48 KijikoChaMboji
Jirani naye anadai ni yeye. Anasema zile siku nne nilizosafiri baada ya kuhamisha, mti haukupata tone, ndio ulishtuka. Mke wangu hajui kama nilisahau kumwagiza mtu, naomba ibaki hapa.

#49 MzeeWaMagugu
HAKI YETU IMEPATIKANA

#50 KijikoChaMboji
Swali la haraka, mtoto kachuma moja sasa hivi ikiwa kijani. Nikiiweka dirishani itaiva?

#51 Tawi_la_Kushoto
Haiivi hiyo. Jamii ya michungwa ikishatoka mtini utamu hauongezeki. Mara nyingine tumia mkasi, ukivuta kwa mkono unachana ganda.

#52 KijikoChaMboji
Sawa. Kumi na tatu basi. Safari hii hakumenya lakini.